Mwaka Kivumbasi Hakikukatwa

"Mvua ya kwanza ilikikuta kimesimama, au ilikikuta kimekatwa?"

Mjomba Mikidadi aliuliza taratibu, kama mtu anayeulizia njia, na mikeka yote ikanyamaza. Ilikuwa arobaini ya mama mkwe wangu. Hitima ilikwisha somwa, sahani za pilau zilikwisha kusanywa, na kilichobaki kilikuwa mambo ya ukoo. Nilikaa upande wa wanawake, binti yangu Shukuru amelala mgongoni, joto la shavu lake likipenya kanga mpaka kwenye ngozi yangu. Ng'ambo ya korongo, shamba nililoazimwa lilionekana lote kama nguo iliyoanikwa: mabua ya mahindi yaliyovunwa, na ukingoni mwa kila tuta la kingamaji mstari wa kivumbasi, kirefu hadi kifuani, vishada vya maua vimeanza kukauka, nyuki waking'ang'ania yale ya mwisho. Hakuna aliyehitaji kugeuka kutazama. Harufu ilivuka korongo yenyewe.

"Kimesimama," nikasema.

"Nani alikuruhusu?"

"Mama."

"Dada yangu yuko kaburini, mwanangu. Nani mwingine alisikia?"

Nikageuza uso, nikamtazama mume wangu.

*

Kabla ya kupanda milima ya kule juu ya Mlali, kwao mume wangu, sikuwahi kujua kwamba mmea unaweza kusimamishwa mbele ya watu ukaulizwa nia yake. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakata miwa. Baba yangu, Anselmi, alishuka kutoka Njombe kufuata kazi ya panga, na mpaka leo ukimuuliza kwao ni wapi hukutajia jina la kambi. Hatukuwa na hata kipande cha kupanda mchicha. Miwa ilifika mpaka mlangoni, na msimu wa kuichoma majivu meusi yalitua ndani ya uji wetu, mama akayaengua kwa ncha ya kijiko, tukanywa. Ardhi kwetu ilikuwa kitu cha kutazama, kama gari la bosi.

Maneno, mume wangu, nilikutana naye mjini, Mwembesongo, nikiwa nasaidia kwa mama ntilie na yeye akishusha kabichi na njegere kutoka milimani. Alikuwa na utani wa polepole, wa mtu asiyejua kama anachekesha. Aliniambia kwao kuna baridi mpaka kuku wanalala na soksi. Nikacheka; baadaye nikaenda kuona. Tulifunga ndoa bomani, kwa kuwa yeye Mwislamu na mimi Mkatoliki, na kila upande ulikuwa unasubiri mwenzake aanze kusogea.

Kuku hawakuwa na soksi, lakini baridi ilikuwepo, na ukungu uliotambaa asubuhi mpaka jikoni. Na alikuwepo Bi Pili, mama yake Maneno, mwanamke mdogo wa umbo, kifua chake kimechoka kwa moshi wa miaka mingi, sauti yake imebaki nusu. Alinipokea kwa kunishika mikono akaigeuza viganja juu, akavitazama.

"Hii mikono imefanya kazi," akasema. "Tutaitafutia udongo."

Udongo ulikuwa na sheria zake. Kule, ardhi ni ya ukoo, na ukoo hupita kwa mama. Maneno alilima pale kwa sababu ya mama yake, lakini wa kurithi ni watoto wa dada yake, Mwaisha. Mimi nilikuwa mgeni. Shukuru alipozaliwa, kwa kuwa alitoka tumboni kwangu, akawa mgeni mwenzangu, ingawa pua yake ni ya Maneno mtupu. Na mgeni akiazimwa shamba hupanda kinacholiwa kikaisha: mahindi, maharage, njegere. Hapandi mgomba, hapandi mfenesi, hapandi chochote kitakachosimama kutoka masika hadi masika. Kinachovuka masika, kule, kinahesabiwa kuwa kimesema kwa niaba ya aliyekipanda: hapa ni pangu.

Haya yote sikuyajua siku nilipokwangua mbegu za kwanza. Bi Pili alikuwa na shina moja la kivumbasi nyuma ya bafu, zee, gumu kama mpini. Alilitumia kwa kila kitu. Majani aliyaweka kwenye gunia la mahindi ili dumuzi wasisogee. Vijiti alivichoma jioni kufukuza mbu. Na mtoto mchanga wa yeyote pale kitongojini aliogeshwa kwa maji yake. Nilipenda harufu ile tangu siku ya kwanza. Si tamu. Inaingia puani kama mtu anayefungua dirisha bila kubisha hodi. Nikavisugua vishada vilivyokauka kati ya viganja, nikapuliza makapi, zikabaki punje nyeusi ndogo kama vumbi la chai. Nikazichanganya na mchanga, nikazimwaga kwenye kitalu bila kuzifukia, nikawa nanyunyizia maji kwa tawi la majani ili nisizizamishe.

Mwaisha alinikuta nimechuchumaa.

"Wifi, unafanya nini hapo?"

"Naatika kivumbasi."

Akashika kiuno, akaita majirani waje kuona. "Jamani, watu wanang'oa magugu, huyu anayaatika! Subirini, mwakani ataatika na ndago."

Wakacheka, nami nikacheka nao. Mwaisha hakuwa mtu mbaya. Alinifundisha kuteremka mteremko wenye utelezi kwa kuweka kisigino kwanza, na Shukuru alipougua tumbo ni yeye aliyembeba mpaka zahanati ya Mlali, mimi nikimfuata nyuma nikilia. Nasema haya ili nisije nikamfanya kuwa kitu ambacho hakuwa.

Nilihamishia miche kwenye kingo za makingamaji, kwa sababu pale hapakulimwa na mvua ilikuwa inapabomoa. Mizizi ikashika. Udongo ukaacha kuteremka. Ndipo Bi Pili akaja, akasimama kwa muda mrefu akitazama mistari ile ya kijani, akashusha pumzi.

"Ni kizuri," akasema. "Ndiyo maana kitakuletea maneno."

Akanieleza. Kisha, kwa kuwa alikuwa na akili iliyozoea kupita kando ya ukuta badala ya kuuvunja, akapata njia. Kila mwaka, kabla ya masika, kivumbasi kitakatwa mpaka chini, mbele ya mtu wa ukoo. Shamba litalala usiku mmoja bila kitu, kama la kila mtu. Mizizi haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni kile ambacho mvua ya kwanza inakikuta juu ya ardhi.

Basi tukawa tunafanya hivyo. Mwishoni mwa mwezi wa pili nilipita na panga kutoka ukingo hadi ukingo, mashina yenye pembe nne yakikatika kwa mlio mkavu, viganja vyangu vikibaki na harufu kwa wiki nzima. Bi Pili alinifuata nyuma, akikanyaga kila kisiki kwa kisigino. Tulipofika mwisho alisema kwa ile sauti yake ya nusu, lakini ya kusikika mpaka kwa jirani: "Shamba limerudi." Usiku ule nilikuwa mtu asiye na kitu. Asubuhi alipita mlangoni kwetu akienda kuchota maji, akasema bila hata kusimama: "Yustina, chukua shamba." Mvua ikaja. Visiki vikachipua. Kila mtu aliona, na hakuna aliyekuwa na neno.

Nilipenda asubuhi zile kuliko sikukuu.

*

Halafu ukaja ule mwaka wa nyungu, wimbi la pili la korona, ambapo kila nyumba kutoka Mlali hadi mjini ilikuwa na sufuria, kigoda na blanketi. Mjini watu walifukizana asubuhi na jioni. Mchaichai ukaisha mabarazani, milimao ikabaki matawi matupu, na mtu mmoja akamwambia mwingine kwamba kule juu, kwa mke wa Maneno, kuna kivumbasi mteremko mzima. Wakaanza kupanda: vijana wenye bodaboda, akina mama waliojifunga vitambaa puani, mzee mmoja kutoka Ngerengere aliyepanda kwa miguu sehemu ya mwisho na kufika hawezi kusema, akanyoosha kidole tu. Nilimkatia mzigo, nikamkalisha, nikampa maji.

Mwaisha akaacha kucheka. "Wifi," akaniambia siku moja, akipitisha kidole kwenye jani, "hiki kivumbasi chetu kimetupa jina."

Nilisikia lile *chetu*. Nikaliweka mahali, nikaendelea kuchuma.

Mwezi wa pili ulipokaribia kwisha Bi Pili akalala. Zahanati walimpa dawa za kumeza na za kifua, wakamwambia apumzike, ale vizuri, na tukiona pumzi inakata tumrudishe. Haikukata, ilikuwa inakwaruza tu, kama mtu anayeburuta gunia kwenye changarawe. Alichotaka ni mvuke. Sijui kivumbasi kilimfanyia nini kifuani, na sitajifanya najua. Najua kwamba baada ya kufukizwa aliweza kulala bila kukaa kitako, na kwamba kwa mtu aliyekuwa anaomba pumzi, hiyo haikuwa kitu kidogo.

Siku ninayoisema, jua lilikuwa bado juu. Panga langu lilikuwa limenolewa, limeegemezwa mlangoni, kwa sababu kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kukata. Maneno akaleta sufuria ikitokota, akaiweka mbele ya kigoda. Mama hakuwa na nguvu ya kukaa peke yake, nikaingia naye chini ya blanketi, lile la kahawia lenye mistari miwili, nikamkumbatia kwa nyuma. Maneno akabaki nje akishikilia mapindo, akiyabana chini kwa miguu ili mvuke usitoke.

Mle ndani palikuwa giza la joto. Harufu ilikuwa nzito mpaka ukaionja. Jasho lake na langu vilichanganyika shingoni, sikujua tena lipi la nani. Alikohoa, akavuta pumzi, akavuta nyingine, ndefu, ya kwanza ndefu niliyoisikia kwa siku nyingi.

"Yustina."

"Abee, mama."

"Mwaka huu usikate. Lile la nyuma ya bafu tumelimaliza majani; ukikata kesho, mimi nitafukiza na nini mpaka kichipue?"

"Nitakata nusu, mama."

"Usikate hata jani la kusingizia. Tutakikata pamoja nikisimama. Nimesema mimi mwenye shamba." Kisha akapandisha sauti, ile nusu iliyobaki akaitoa yote. "Maneno! Umesikia? Nimemwambia mkeo asikate."

Na kutoka nje, karibu kabisa, karibu kiasi kwamba niliona vidole vyake vikisukuma kitambaa mbele ya uso wangu, Maneno akajibu: "Nimesikia, mama."

Nililirudisha panga juu ya dari.

Mvua ya kwanza ilikuja na radi, ikakikuta kivumbasi kimesimama, ikakiosha. Mama aliweza kutoka nje akaiona. Aliketi kizingitini na blanketi begani, akasema kimependeza. Kwa wiki kadhaa tulidhani amevuka. Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele akarudi kitandani, na asubuhi moja, Mwaisha akimchemshia uji, akaondoka bila kumsumbua mtu.

Walimzika alasiri ile ile. Maneno ndiye aliyevuka korongo akakata tawi la kivumbasi, bichi, refu, akalichomeka kwenye kaburi la mama yake upande wa kichwani, kama wanavyofanya ili kuwe na kitu cha kijani. Lilishika mizizi. Mvua zilikuwa bado nyingi.

*

Basi nikageuza uso, nikamtazama mume wangu.

Alikuwa amekaa kati ya wajomba, miguu ameikunja, anachezea uzi uliochomoka ukingoni mwa mkeka. Neno moja lilikuwa linatosha. Mjomba Mikidadi hakuwa na hila. Alikuwa amelinyoosha swali lake kama mtu anayempa mwenzake mkono avuke. Pembeni yangu Mwaisha alikuwa ameacha kujipepea. Watoto wake watatu walikuwa wanakimbizana nyuma ya jiko, na yeye alikuwa mama yao kama mimi nilivyokuwa mama wa huyu wa mgongoni.

"Maneno," Mjomba akasema, "wewe ulikuwepo. Mama yako alisema kisikatwe?"

Uzi ukakatika mkononi mwake.

"Mjomba, mimi nilikuwa nje," akasema. "Wao walikuwa ndani. Blanketi zito." Akautupa ule uzi. "Sikusikia vizuri."

Wanaume wa pale wana neno lao kwa mume anayesimama na mke wake dhidi ya dada yake mbele ya wajomba. Husema fulani ameolewa. Nilikwisha kulisikia likitupwa kwa utani kwenye pombe za watu, na nilikwisha kumwona Maneno akicheka huku masikio yamewaka. Siku ile hakuna aliyelitamka. Lilikuwa limekaa tu pale mkekani, kati yao, kama mtu aliyechelewa kufika akasogezewa nafasi.

Mjomba Mikidadi akafuta uso kwa kiganja. "Angesema amesikia, ningefunga mdomo wangu," akasema, akiniambia mimi. "Sikuiti mwizi, mwanangu. Lakini mvua imekikuta kimesimama na hakuna mdomo wa kukushuhudia. Shamba limerudi."

Maneno yale yale ya mama. Ila nilijua asubuhi hakuna atakayepita mlangoni.

"Wifi, usininunie," Mwaisha akasema huku akiamka, akijikung'uta kanga. "Wewe ungekuwa na wanao watatu hapa ungefanya nini?"

Alikuwa ameuliza kitu ambacho nilikuwa na jibu lake, na jibu halikunipendeza.

Jioni bado haijaingia, nilimkuta Maneno nyuma ya bafu, pale penye lile shina zee.

"Ulisikia," nikamwambia.

"Mama Shukuru, acha kwanza."

"Ulijibu. Ulisema nimesikia, mama."

"Nilijibu kama mtu anavyomjibu mgonjwa."

Nikamtazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Uongo ningeweza kuubeba, una mpini. Hiki hakikuwa na pa kushika.

Kivumbasi hawakukikata. Walikichimbua. Mwaisha alileta watu wenye majembe, wakang'oa kuanzia ukingo wa juu, wakakirundika katikati ya shamba kikiwa bado na maua, wakakichoma kibichi. Moshi wake ulikuwa mweupe, mzito, ukateremka mlima mzima kuelekea Mlali, na siku ile nadhani hakuna mbu aliyeuma mtu bonde zima. Nyuki walizunguka juu ya moshi, wakazunguka tena, halafu wakaenda.

Niliondoka kesho yake. Maneno alisema atanifuata, mambo yakipoa. Nilichochukua cha nyumba ile ni mtoto na lile blanketi la kahawia, kwa kuwa kulikuwa na ukungu na nilitaka la kumfunika. Hakuna aliyelidai. Niliteremka nikiweka kisigino kwanza, kama nilivyofundishwa, na njiani mwanamke asiyenijua akanisimamisha akaniuliza ninauza wapi kivumbasi, maana nilikuwa nanukia mwili mzima.

*

Sasa Shukuru yuko darasa la kwanza. Tunapanga chumba Mwembesongo, uani kuna bomba na mpapai wa mwenye nyumba, na mimi nasoma masomo ya jioni, yale ya kurudia sekondari kwa waliokatishwa. Tunasoma kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, wengine tukiwa na wachanga mapajani. Nataka kufika mbali. Nasema hivyo bila aibu.

Mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Jesca, siku moja aligawa ubao mara mbili: mimea ya msimu, mimea ya kudumu. Akatuomba mifano. Upande wa kudumu wakajaza mwembe, mnazi, mchungwa. Nafasi ilipobaki akanigeukia mimi.

"Yustina, wewe umekaa milimani. Tupe mmoja."

Mkono wangu ulikuwa tayari na kalamu. Nikasema mfenesi.

Kivumbasi changu kiko kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini, nyuma ya bomba. Nilipata mbegu zake kwenye pindo la blanketi. Zilikuwa zimenasa mshononi, nyeusi, chache. Sijawahi kukikata. Shina lake limekuwa gumu, la kahawia, limepasua ndoo upande mmoja na mizizi imeingia ardhini, kwenye uwanja ambao si wangu wala wa ukoo wa mtu ninayemjua. Majirani huchuma wakiwa na mafua. Mama mwenye nyumba husema tu, "Nyumba yako inanukia vizuri, mama Shukuru," akapita.

Maneno hakunifuata. Huja. Mara moja kwa msimu, mkungu wa ndizi begani, huketi kizingitini na kumsikiliza Shukuru akisoma, halafu anawahi gari. Hatukuachana, hakuna aliyelisema hilo neno. Kule juu bado analima, kwa sasa chini ya dada yake.

Mwaka huu mwezi wa pili alikuja siku ya Jumamosi, mchana, bila ndizi. Alikuwa anakohoa. Ile sauti niliitambua kabla sijamwona, gunia kwenye changarawe.

"Shikamoo, baba," Shukuru akasema.

"Marahaba, mama." Humwita mama. Akakaa, akashika kifua. "Nimetoka hospitali, wamenipa dawa. Lakini nilikuwa naomba..." Akaonyesha kwa kidevu nyuma ya bomba.

"Kule hakuna?"

"Kule hakuna hata jani, hata nyuma ya bafu. Wamelima mpaka kwenye kingo. Mvua ikinyesha sasa inashuka na udongo, mwaka jana imechukua mahindi mistari miwili."

"Na kaburini?"

"Kaburini kipo. Kimekuwa kikubwa, kimefunika."

"Ungechuma pale."

"Pale siwezi," akasema.

Nikaenda nikachuma. Nilichagua matawi ambayo hayajatoa maua, kama inavyotakiwa, ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikarudi, naye alikuwa amenifuata mpaka bombani, anaangalia lile shina lililopasua ndoo.

"Limekuwa mti," akasema. "Hulikati?"

"Hapa hakuna anayeniuliza."

Nikachemsha. Shukuru alikuwa mlangoni na daftari lake, anachora nyumba yenye milango mingi mno. Nikamweka Maneno kwenye kigoda, sufuria mbele ya miguu yake, nikatoa blanketi chini ya godoro. Aliliona. Alipitisha kidole kwenye ule mstari wa pili, akainamisha kichwa. Nikamfunika, nikafunua sufuria.

Nilisikia pumzi ya kwanza ikikwama, ya pili ikipita. Blanketi likapanda, likashuka. Migongo ya familia ile inafanana. Ningefumba macho ningesema ni mama.

"Mama Shukuru," akaita kutoka ndani.

"Nakusikia."

"Nilisikia." Akakohoa. "Siku ile. Nilisikia kila neno."

Uani mtu alifungulia bomba, maji yakapiga chini ya ndoo tupu. Nilikuwa nimesimama upande ule ule wa blanketi aliosimama yeye, nimeshika pindo lile lile, na uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona kitambaa kikiingia na kutoka mdomoni mwake.

"Mjomba Mikidadi yupo?" nikauliza.

"Yupo. Amezeeka, lakini yupo."

"Kamwambie yeye."

Blanketi likapanda, likashuka. Nilisubiri. Nilimsubiri muda mrefu kuliko nilivyomsubiri siku ile mkekani, na naapa sehemu yangu moja bado ilikuwa inamwombea atoe kichwa.

Shukuru akainua uso kutoka kwenye daftari. "Mama, baba amesema nini?"

"Sikusikia vizuri, mwanangu," nikasema. "Blanketi zito."

Chini ya kitambaa ile pumzi ikasimama; kisha ikaendelea. Upande wa kushoto pindo lilikuwa limeinuka, uzi mwembamba wa mvuke unatoroka kuelekea mlangoni. Nikainama, nikalibana kwa mguu.